Ramani ya Makorongo, na Watu Wakaao Chini Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa masomo)



Halmashauri imetuomba tuzungumze juu ya ramani. Tulisikia kwamba baadhi yenu mlipoliona tangazo ubaoni mlicheka, mkaulizana: ramani na mshahara vina uhusiano gani? Wengine walidhani tumekuja kugawa mipaka ya matawi. Sivyo. Sisi tunaosimama hapa tumetumia miaka yetu katika kazi ya kupima ardhi. Tumevuta mnyororo, tumeshika fito, tumebeba saruji ya bikoni kichwani mpaka juu ya vilima ambako hata mbuzi hawapendi kwenda. Ramani ikishachapishwa huandikwa jina la idara na mwaka, basi. Majina yetu hayamo. Hilo tutalileta siku nyingine. Leo twataka kuwaeleza ile karatasi inasema nini, nani huisoma, na nani huumia isiposomwa.

Mfano wetu tutauchukua mbali, katika mji wa Los Angeles huko Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mambo ya huko yameandikwa kwa tarehe na hesabu, hata mtu hawezi kutuambia kuwa ni hadithi. Tena mji ule ulikua upesi sana chini ya milima, na sisi sote twajua maana ya mji kukua upesi.

Mwaka 1890 Los Angeles ulikuwa na watu 50,395. Mwaka 1900 walikuwa 102,479. Mwaka 1930 walikuwa 1,238,048. Msiipite hesabu hiyo kwa haraka. Katika miaka arobaini, palipokuwa na mtu mmoja pakawa na zaidi ya watu ishirini na wanne, na kila mmoja anataka mahali pa kulala. Upande mmoja kuna bahari, basi nyumba zikapanda kuelekea kaskazini mpaka zikagusa miguu ya milima iitwayo San Gabriel.

Milima hiyo haina urefu wa Kirinyaga. Kilele chake kikubwa, Mount San Antonio, kina futi 10,064 tu. Lakini husimama ghafula kama ukuta nyuma ya nyumba. Mwamba wake umevunjika-vunjika kwa matetemeko ya nchi, na mvua ikiupiga hubomoka. Maji yamechimba humo makorongo mengi membamba: Arroyo Seco, Eaton, Pickens, Big Tujunga, San Gabriel yenyewe na mengine. Sehemu kubwa ya mwaka ukiyatazama utaona mchanga mkavu na mawe makubwa kama gari, na mgeni huuliza mawe haya yalifikaje hapa. Mvua ndiyo ijibuyo. Tarehe 22 na 23 Januari 1943, mahali paitwapo Hoegees ndani ya milima hiyo, zilinyesha inchi 26 katika muda wa saa 24. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mvua ambayo Nairobi huipata kwa mwaka mzima, nayo ilishuka usiku mmoja na mchana mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Serikali ya Marekani iliunda idara yake ya upimaji wa miamba na ardhi mwaka 1879. Katika miaka ya 1890 idara hiyo ilitoa ramani za kwanza za sehemu za Los Angeles na Pasadena kwa kipimo cha 1 kwa 62,500, yaani inchi moja ya karatasi ni karibu maili moja ya nchi. Ramani hizo zilimfaa mtu anayetafuta njia ya kupita milimani. Kwa mtu anayetaka kujua maji yatapita mlango wa nani, hazikutosha. Mwaka 1914 yakaja mafuriko makubwa, na mwaka 1915 ikaundwa mamlaka ya wilaya ya kuzuia mafuriko. Mainjinia wakaona kuwa hawawezi kuzuia kitu wasichokijua umbo lake. Basi katika miaka ya 1920 wilaya ikatoa fedha pamoja na ile idara ya serikali, nchi ikapimwa upya kwa kipimo cha 1 kwa 24,000. Hapo inchi moja ni futi 2,000, na korongo ambalo zamani lilikuwa mkwaruzo sasa linaonekana na mikono yake yote.

Ninyi mliofanya kazi hii mnajua jinsi ilivyofanywa, lakini vijana hawajui. Meza ndogo yenye miguu mitatu huwekwa juu ya kilima, na juu yake karatasi. Darubini hukaa juu ya karatasi hiyo. Mpimaji hutazama, huchora hapo hapo. Kuna mwavuli mkubwa pia, na msidhani ni wa kumstarehesha mtu: ni wa karatasi, isijikunje kwa jua. Mwenye fito naye yuko mbali, kwenye ukingo, kwenye shimo, kwenye jiwe katikati ya mto. Ndani ya darubini mna nyuzi mbili za kulala. Mpimaji husoma ni kiasi gani cha fito kinachoonekana kati ya nyuzi hizo, hukizidisha mara mia, akapata umbali. Futi tatu kati ya nyuzi, basi mwenye fito yuko futi mia tatu. Kisha husoma pembe, akajua urefu wa juu au wa chini.

Hesabu hiyo ni rahisi. Kazi ngumu ni ya miguu. Katika makorongo ya San Gabriel vichaka ni vigumu na vinamzidi mtu kimo, na mtu akiwa ndani ya korongo haoni kilele chochote cha kumwongoza, wala mwenye meza hamwoni yeye. Kila kituo kinapima ukuta wa mbele tu. Kwa hiyo korongo moja lenye urefu wa maili mbili huwamaliza watu siku nyingi kuliko uwanda wa maili kumi. Nyumbu walibeba maji na chakula mpaka penye njia, na njia ikiisha watu ndio nyumbu. Twasema hivyo kwa kuwa tumefanya kazi ya namna hiyo katika miteremko ya Bonde la Ufa, na mabega yetu yangali yanakumbuka.

Hapa tuongeze jambo dogo ambalo si la lazima, lakini linatupendeza. Katika miaka hiyo ya 1920 profesa mmoja mashuhuri, Michelson, alitaka kupima mwendo wa nuru. Aliweka mitambo yake juu ya Mount Wilson na kioo juu ya mlima mwingine karibu na San Antonio, kiasi cha maili 22, nuru iende na kurudi. Ilibidi umbali ujulikane sawasawa. Idara ya upimaji wa pwani ikashuka bondeni mwaka 1922, ikapima mstari wa msingi kwa tepe za madini maalumu yasiyorefuka sana kwa joto, kisha kwa pembe ikapata umbali wa vile vilele. Walisema kosa lao ni sehemu moja tu katika milioni kadhaa. Fikirini basi. Kilele kwa kilele walijua karibu kwa upana wa kidole. Na chini ya vilele hivyo hivyo, katika miaka hiyo hiyo, watu walikuwa wakiuziwa viwanja mdomoni mwa makorongo.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ujuzi ulikosekana.

Tuje sasa kwenye kusoma ramani, maana hapa ndipo faida ya mkutano huu. Ile mistari ya rangi ya udongo iitwayo kontua huunganisha mahali penye urefu mmoja. Ukitembea juu ya mstari mmoja hupandi wala hushuki. Mistari ikiachana, nchi ni tambarare; ikibanana, ni mteremko mkali. Chukueni ramani zetu za 1 kwa 50,000, ambazo wengi wetu tumezibeba. Sentimita moja ni mita 500. Kama mistari imeachana mita 20 kwa kimo, na katika sentimita moja mnahesabu mipando mitano, nchi imepanda mita 100 katika mita 500. Hiyo ni moja kwa tano. Gari la mizigo litalalamika, na maji yatakimbia.

Kuna alama mbili tunazotaka kila mwanachama azishike. Ya kwanza: kontua inapokata mto au korongo hujikunja, na ncha ya mkunjo hutazama juu, mto unakotoka. Ukiona mikunjo hiyo imepangana mmoja nyuma ya mwingine, pale ni njia ya maji, hata kama siku uliyokwenda ulikuta mchanga mkavu na watoto wakicheza mpira. Mara nyingi ramani itakuwa imeweka hapo mstari wa buluu uliokatika-katika. Kukatika kwake maana yake ni kwamba maji hayapiti kila siku. Haina maana kwamba hayapiti.

Ya pili ni kinyume chake. Korongo linapotoka mlimani na kufika uwanda, kontua hujitokeza mbele, nusu duara baada ya nusu duara, kama pepeo la ukindu lililofunguliwa. Ndugu, ardhi hiyo haikuwapo. Ililetwa. Mafuriko ndiyo yaliyoimwaga hapo, mara elfu, leo kulia, kesho kushoto, mpaka ikawa kilima cha mchanga na mawe chenye mteremko mzuri. Ni mahali pazuri sana pa kujenga! Hapatuami maji, upepo ni mwema, na ukikaa barazani waona mji wote chini. Mwenye kuuza viwanja atakuambia hayo yote na hatasema uongo hata neno moja. Umbo la pepeo limo katika ramani, lakini halimo katika tangazo lake.

Mji mdogo wa La Crescenta na jirani yake Montrose umejengwa juu ya mapepeo ya namna hiyo, chini ya korongo la Pickens na mengine.

Mwaka 1933 ulikuwa wakati wa shida kubwa ya kazi duniani. Huko Los Angeles maelfu ya watu wasio na kazi walipewa vibarua vya msaada, senti 40 za Kimarekani kwa saa. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo zaidi ya watu 3,000 walikuwa wakifyeka na kutengeneza barabara katika bustani kubwa ya Griffith, yenye vilima na makorongo, ndani ya mji wenyewe. Moto ukazuka. Vibarua wakatakiwa wakauzime, wakiwa na sepetu na mavazi yao ya kila siku. Hawakufundishwa kuzima moto wa porini, na wanyapara wao vilevile hawakufundishwa, hata mmoja akawa anaamuru hivi na mwingine vile. Wengi waliteremka katika korongo la Mineral Wells. Upepo ukageuka. Sasa korongo lenye kuta kali likiwaka moto chini huwa dohani: moto hupanda haraka kuliko mtu awezavyo kukimbia mlima. Walijaribu kupanda ukingo, moto ukawakuta juu. Watu 29 walikufa.

Ramani ya korongo lile ilikuwako. Ukiitazama, kontua zimebanana. Ingetosha mnyapara mmoja aliyeona karatasi hiyo kusema: hapa hatushuki. Wale 29 hawakuwa askari wa zimamoto. Walikuwa baba wa watoto waliokwenda kutafuta senti 40.

Mwezi uliofuata, Novemba 1933, moto mwingine ukaunguza milima juu ya La Crescenta. Hapa yafaa tueleze kwa nini moto na maji ni ndugu. Vichaka vikiungua mizizi haishiki tena udongo. Changarawe iliyokuwa imezuiliwa na mashina humwagika yenyewe, hata bila mvua, ikajaza sakafu ya korongo. Tena moto huacha chini ya jivu tabaka kama nta, maji hayaingii, hutiririka kama juu ya bati. Mvua ikija haileti maji peke yake. Huleta uji mzito wa tope, jivu, mawe na magogo, na uji huo una nguvu ya kubeba jiwe ambalo maji matupu yangelizunguka tu.

Mvua ilianza mwishoni mwa Desemba. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1934, watu wakiwa katika sherehe ya mwaka mpya, saa sita ilipopita kidogo, uji huo ukatoka makorongoni. Zaidi ya watu 40 walikufa na nyumba mamia ziliharibika. Jambo lituumizalo zaidi ni habari ya ukumbi mmoja wa maaskari wa zamani huko Montrose. Watu waliambiwa waende huko wajikinge, nao wakaenda, kwa utii, wakiwa na watoto na mablanketi. Ukumbi ulikuwa juu ya njia ya maji. Watu 12 walifia humo. Waliowaelekeza hawakuwa waovu. Hawakutazama karatasi.

Baada ya hapo kazi ikafanyika, na yafaa tuseme kweli: ilikuwa kazi kubwa. Yalichimbwa mashimo makubwa midomoni mwa makorongo, yenye kuta za zege, ya kunasa mawe na tope na kuyaachia maji yapite. Siku hizi yapo zaidi ya mia katika wilaya hiyo. Mahali pa kuyachimba na ukubwa wake ulihesabiwa kutoka katika ramani: eneo la korongo, mteremko wake, urefu wake. Vijana wa kazi za serikali walijenga kuta ndogo nyingi ndani ya milima. Mafuriko ya Machi 1938 yalizing'oa nyingi na kuua zaidi ya watu 80, lakini palipokuwa na mashimo yale yaliyojengwa vizuri, nyumba nyingi za chini zilisalimika. Na kila yakijaa lazima yazolewe. Malori huzoa mawe na kuyapeleka mahali pengine. Hiyo ni kazi ya wafanya kazi isiyokwisha, maana mlima haujaacha kushuka.

Msituelewe vibaya, mkadhani twasema ramani ni msahafu. Ramani ya kontua huonyesha ngozi ya nchi, haionyeshi mifupa. Katika korongo la San Francisquito, kaskazini-magharibi mwa Los Angeles, palijengwa bwawa la St. Francis kwa ajili ya maji ya mji ule. Umbo la korongo lilikuwa zuri ajabu kwa bwawa: bonde pana nyuma, koo nyembamba mbele. Lakini wachunguzi wa baadaye wameonyesha kuwa ukuta mmoja wa bonde ulikuwa ni maporomoko ya zamani yaliyotulia kwa muda tu. Tarehe 12 Machi 1928, karibu na saa sita ya usiku, bwawa lilipasuka. Walikufa zaidi ya watu 400. Wengi walikuwa vibarua wa mashamba, wengi wao Wameksiko, waliokuwa wamelala kando ya mto, na katika kambi moja ya wafanya kazi wa kampuni ya umeme walikufa watu 84. Tena mwaka 1929, katika korongo la San Gabriel, kazi ya bwawa jingine kubwa mno ilikuwa ikiendelea, na mlima ukaporomoka kwenye mahali penyewe pa ujenzi. Kazi ikaachwa. Basi injinia mwenye ramani nzuri bila mtu wa kupasua mwamba ni kama daktari anayetibu kwa kutazama picha.

Sasa turudi nyumbani kidogo, kwani tuna kisa chetu.

Mwaka 1997, wakati wa zile mvua za El Niño, baadhi yetu tulikuwa katika kazi ya barabara chini ya mteremko wa Bonde la Ufa. Mwajiri hatumtaji. Kambi ya vibarua iliwekwa kwenye uwanja wa mchanga, mahali safi, pasipo mawe mengi, karibu na maji ya kupikia. Sisi wa fito tulikuwa tumesimama pale pale miezi miwili kabla, na tulikumbuka mikunjo. Tulimwambia mnyapara. Mnyapara akatuambia tupeleke akili zetu kwa mhandisi. Mhandisi alikuwa Nairobi. Usiku wa tano maji yakaja, si mengi sana, kiasi cha kiuno, lakini na mawe. Mahema yalikwenda, sufuria zilikwenda, vitambulisho vya watu vilikwenda. Mpishi wetu alipondwa mguu hata leo anatembea na fimbo.

Alipodai fidia, jibu lilikuwa fupi: mvua ni kazi ya Mungu. Ndugu zetu wa chama walichukua muda kulijibu neno hilo, maana nani atabishana na Mungu? Mwishowe mzee mmoja wa kupima, aliyekwisha staafu, akasema, iombeni ile ramani iliyo ukutani mwa ofisi yao. Ikaletwa mezani. Kambi ilikuwa imetiwa alama kwa penseli, kwa mkono wa mtu wa ofisi yenyewe, na penseli ile ilikuwa imepita juu ya mstari wa buluu uliokatika-katika. Hapo neno la Mungu halikutajwa tena. Mpishi alilipwa. Hakulipwa yote aliyodai, na alilipwa kwa kuchelewa, lakini alilipwa. Tunakiri kwamba mpaka siku ile hata sisi tulidhani ramani ni kitu cha mabwana wa ofisini, ingawa tulikuwa tumeichora kwa magoti yetu.

Tangu hapo upimaji umebadilika sana. Kwanza zilikuja picha za ndege. Ramani zetu nyingi za Kenya za 1 kwa 50,000 zilitokana na picha zilizopigwa hewani baada ya vita vya pili, wala hazikupimwa zote kwa meza na fito. Mtu hutazama picha mbili kwa macho mawili, nchi ikainuka mbele yake. Ni kazi nzuri, ila korongo lina kivuli na vichaka, na chini ya kichaka mchoraji hukisia. Siku hizi ndege hutupa miali ya leza, mamilioni kwa mamilioni, na michache kati yao hupenya majani ikafika udongoni. Mashini huondoa miti, ikabaki ardhi tupu. Huko Marekani, moto ukiisha, wataalamu huchukua ramani ya mteremko na ramani ya mahali palipoungua sana, hutazama hasa miteremko inayopita nyuzi 23, wakasema korongo hili laweza kutoa tope kwa mvua ya kiasi hiki. Wanatangaza kabla mvua haijafika.

Lakini tazameni jambo hili. Tarehe 7 Januari 2025, jioni, moto ulianza katika korongo la Eaton, lile lile tulilolitaja mwanzo, upepo ukiwa mkali mno. Ukaingia mji wa Altadena ulio mguuni mwa milima. Zaidi ya majengo 9,000 yaliteketea. Katika mji huo kuna barabara iitwayo Lake Avenue, inayoshuka kutoka mlimani. Watu wa mashariki yake waliamriwa waondoke mapema usiku ule. Watu wa magharibi yake, ambako familia nyingi za watu weusi zilinunua nyumba zamani kwa sababu mahali pengine zilikataliwa, amri iliwafikia baada ya saa tisa za usiku, moto ukiwa tayari kati ya nyumba. Karibu wote waliokufa walikuwa upande huo wa magharibi. Wengi walikuwa wazee.

Hapo hakuna aliyekosa ramani. Walikuwa nazo za kila namna, mpaka za leza. Nchi ilikuwa imegawanywa kwa mistari, eneo hili na eneo lile, na mtu fulani alikuwa na kazi ya kusema mstari huu uitwe sasa na ule ungoje. Kontua huchorwa na mlima. Mstari wa amri huchorwa na mtu, na yafaa mtu huyo aulizwe ameuchora kwa kutazama nini. Ndivyo wanavyouliza huko Altadena, nasi hatuoni aibu kuwaiga.

Hatutasema mengi juu ya Mai Mahiu, kwa sababu jeraha ni bichi na baadhi yenu mlikwenda kuzika. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezuiliwa chini ya tuta la reli ya zamani yalipasua yakashuka, na zaidi ya watu 45 walikufa. Tulikwenda baadaye na karatasi ya eneo hilo mkononi. Mikunjo ipo. Tuliikunja karatasi tukarudi, hatukuwa na la kusema.

Halmashauri imekubali mambo mawili ambayo tuliyaomba. La kwanza, kila mwajiri anapotaka kuhamisha kambi ya wafanya kazi au kujenga nyumba za wafanya kazi, mwakilishi wetu atamwomba aonyeshe mahali hapo katika ramani, kwa penseli, na tarehe, na sahihi yake. Si kwa ugomvi. Aonyeshe tu. La pili, chama kimenunua karatasi nne za 1 kwa 50,000, na katibu atazitunza kabatini. Ufunguo mwombeni yeye au msaidizi wake, si lazima mjaze fomu.

Karatasi zenyewe ziko pale mezani karibu na dirisha. Chai ikiisha kila mtu aje atafute mahali anapolala. Mkishapata nyumba yenu, tafuteni kontua iliyo juu yake, mfuate kwa kidole mpaka mahali inapojikunja. Penseli tumeleta mbili, na tafadhali mzirudishe, kwani mara ya mwisho tulileta sita.